Udongo wenye sumu hutibiwaje? Kazi ya majivu, samadi, miti na miko ya wazee

Picha za bustani za mchicha kando ya Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, zikisambaa kwenye makundi ya WhatsApp, mabishano huwa yale yale. Mmoja anasema mboga zote za mjini ni sumu. Wa pili anamjibu kwamba babu zetu walilima bila maabara, na ardhi hujisafisha yenyewe. Wa tatu analeta video ya alizeti: panda, subiri, udongo umepona. Wa nne hakosekani, na chupa yake ya dawa ya kusafisha damu. Wote wanataja sumu, ila kila mmoja ana kitu chake kichwani, ndiyo maana hawafiki popote.

Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Tabu inaanza pale dawa ya ugonjwa mmoja inapopewa mgonjwa wa ugonjwa mwingine.

Ardhi huumwa namna tatu

Fikiria mtu anayelalamika kuumwa. Anaweza kuwa na njaa, anaweza kuwa na homa, anaweza kuwa amechomwa na mwiba. Ardhi nayo ni hivyo hivyo.

Ardhi yenye njaa ni ile iliyochoka: imelimwa mfululizo, imechungwa kupita kiasi, udongo wa juu umechukuliwa na mvua. Haina sumu. Inahitaji chakula na kupumzika.

Ardhi yenye homa imeingiwa na uchafu unaoweza kuoza: maji ya vyoo, damu na samadi ya machinjioni, dizeli, oili ya gari. Vijidudu vya udongo vina uwezo wa kuula uchafu huo na kuumaliza, mradi vipate hewa, unyevu, chakula na muda. Homa hupungua mwili ukisaidiwa.

Ardhi yenye mwiba ina metali nzito: risasi (ile ya betri, si ya bunduki), kadimiamu, kromiamu, zebaki. Metali haiozi. Hakuna kijidudu, mbolea, wala dua inayoigeuza risasi kuwa kitu kingine. Itakuwepo mwaka huu, na wajukuu wataikuta. Mwiba hutolewa, au hufungwa na kufunikwa usimchome mtu. Njia ya tatu hakuna.

Kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na yote matatu kwa pamoja. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Kisarawe na Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani unapokea maji ya vyoo, ya machinjio, ya gereji na ya viwanda. Uchunguzi wa kisayansi uliofanywa kwenye mboga za bonde hilo umekuta metali nzito zaidi ya mara moja. Mafuriko ya masika yakishuka hayaulizi shamba la nani. Yanamwaga tope hapa, yanakomba pale. Ndiyo maana matuta mawili ya jirani yanaweza kutoa majibu tofauti kabisa maabara.

Njaa: hapa wazee walishamaliza kazi

Kwa ardhi iliyochoka, maarifa ya jamii zetu hayahitaji kutetewa na mtu. Mfano mkubwa uko Shinyanga. Wasukuma wana desturi ya ngitili: eneo la malisho hufungwa mvua zinapoanza, mifugo haiingii, nyasi na vichaka vinapumua, kisha hufunguliwa kiangazi kikikolea, tena kwa vipande. Iko ngitili ya kaya na ngitili ya kijiji. Dagashida, baraza la jamii, ndilo lililoweka sheria, na anayevunja analipa faini.

Desturi hiyo ilikuwa imefifia. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa mamia machache tu ya hekta. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Ilichipua kutoka visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi, ikisubiri kuachwa.

Ngitili haina dawa yoyote ndani yake. Nguvu yake ni mamlaka ya kusema "hapa pasiguswe", na watu wakatii. Wamaori wa New Zealand wana rāhui, katazo la muda linalowekwa na wazee juu ya ufuko, mto au msitu uliopatwa na msiba au uliochafuka. Wazaramo, wenyeji wa pwani hii ya Dar es Salaam, pamoja na Waluguru, walikuwa na tambiko la Kolelo lililohusu mvua na rutuba. Wengi wakisikia tambiko hufikiria ushirikina, wanaishia hapo. Ukiliangalia kwa jicho la mkulima utaona jambo jingine: mahali panatajwa, kosa linatajwa, watu wanakusanyika, mwiko unawekwa. Tambiko halitoi risasi kwenye udongo. Lakini mwiko unaofuatwa unaweza kuzuia mtoto asicheze kwenye udongo wenye risasi, na hilo ni kinga ya kweli. Vibao vingi vya "Hatari" mjini vimeshindwa kufanya kazi hiyo.

Kwa bustani ndogo, chakula cha ardhi yenye njaa kinajulikana: mboji, samadi iliyoiva, mikunde, mbaazi, na marejea, mmea uliopata umaarufu kule Peramiho, Ruvuma, kwa kurutubisha udongo na kuua magugu. Tusikae sana hapo.

Homa: oili, maji machafu, na samadi ya kuku

Chukua uwanja uliokuwa gereji. Udongo ni mweusi, unanuka oili, hata magugu hayaoti vizuri. Bakteria wanaokula mafuta wako tayari humo, ila wamekaa kama watu waliopewa gunia la sukari bila chakula kingine. Mafuta yana kaboni tele, lakini naitrojeni na fosforasi ni haba. Samadi ya kuku inaleta vyote viwili, na ndiyo sababu njia hii ya kienyeji inafanya kazi.

Kwanza zuia oili mpya isimwagike, la sivyo unachota maji kwa pakacha. Chimba shimo dogo uone oili imeshuka hadi wapi. Udongo uliolowa kabisa, unaochuruzika ukiuminya, utenge. Huo ni wa kukabidhiwa wenye leseni ya taka hatari. Uliobaki utandaze juu ya turubai nene, unene wa sentimita 15 hadi 20. Changanya ndoo moja ya samadi ya kuku iliyokauka kwa kila ndoo kumi za udongo. Lowanisha mpaka uwe kama kitambaa kilichokamuliwa: ukiuminya unashikana, lakini maji hayadondoki. Geuza kwa koleo kila wiki. Baada ya miezi mitatu hadi sita harufu hupungua sana. Weka kijiko cha udongo kwenye glasi ya maji. Utando wenye rangi za upinde wa mvua ukionekana juu, bado.

Makosa huwa matatu. La kwanza ni kurundika udongo kuwa kilima, hewa ikakosekana ndani na bakteria wakalala. La pili ni kuzidisha samadi kwa haraka ya kupona. Amonia inawaka na kuua wale wale unaowahitaji. La tatu ni kuanza Machi: masika inakuja, mchanganyiko wote unaishia mtaroni na baharini. Anza Juni, mvua zikishakatika.

Njia hii ina mpaka wake. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu Ogoni, kwenye delta ya Niger nchini Nigeria, ambako mafuta yalikuwa yamemwagika kwa miongo mingi. Usafishaji uliokuwa ukifanyika ulikuwa huu huu wa kutifua udongo wa juu na kuacha vijidudu vifanye kazi. Wataalamu walipochimba walikuta mafuta yamezama mita tano na zaidi kwenye baadhi ya maeneo. Juu pametibiwa, chini kunaoza. Ripoti ilikadiria kwamba mazingira ya Ogoni yangehitaji miaka 25 hadi 30 kurudi katika hali nzuri.

Jambo jingine: oili chakavu ya injini hubeba pia chembe za metali. Homa ikishuka, mwiba unaweza kuwa bado umo.

Maji ya vyoo ni rahisi zaidi. Vimelea hufa kwa joto la mboji: rundo likifika nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi, likageuzwa mara tano ndani ya siku 15 ili kila sehemu ipite katikati, wengi wao humalizika. Tahadhari hapa ni moja. Mboji haiui metali. Taka zikioza hupungua uzito, metali inabaki ile ile, hivyo kila kilo ya mboji iliyoiva inakuwa na metali nyingi kuliko kilo ya taka ulizoanza nazo. Mboji ya majani ya kwako ni dawa. Mboji ya dampo lililochanganywa betri na rangi inaweza kuwa mwiba mpya shambani.

Mwiba: alizeti, majivu na mifupa ya samaki

Turudi kwenye video ya alizeti. Ni kweli kwamba mimea hunyonya metali. Tufanye hesabu.

Mita moja ya mraba ya udongo, kina cha sentimita 20, ina uzito wa kilo 260 hivi. Tuseme maabara imekuta miligramu 400 za risasi katika kila kilo. Jumla ni gramu 104. Panda alizeti, istawi, uvune kilo moja ya majani na mashina makavu, na tuchukulie kilo hiyo imebeba miligramu 50 za risasi. Umetoa sehemu moja ya ishirini ya gramu. Ili utoe nusu tu ya risasi iliyomo, unahitaji mavuno 1,040. Ukivuna mara tatu kwa mwaka, ni karibu miaka 350.

Sababu ni kwamba risasi hung'ang'ania chembe za udongo, na hata ikiingia kwenye mmea hupenda kubaki mizizini. Kisha kuna swali ambalo video hailijibu: hayo mabua yanakwenda wapi? Ukimpa mbuzi, risasi inaingia kwenye maziwa na nyama. Ukiyafanya kuni, inapanda na moshi na kubaki kwenye majivu. Ukiyatia kwenye mboji, umeirudisha shambani.

Hata pale jamii na wanasayansi waliposhikana mikono, mambo hayakuwa mepesi. Katika jimbo la Maine, Marekani, taifa la Mi'kmaq, wenyeji wa asili, lilipewa ardhi iliyokuwa sehemu ya uwanja wa kijeshi wa Loring, iliyochafuliwa na kemikali za povu la kuzimia moto. Kuanzia mwaka 2019 wenyeji, pamoja na watafiti, walipanda mmea wa jamii ya bangi usiolevya, ule wa nyuzi. Mimea ilivuta baadhi ya kemikali, lakini kwa kiasi kidogo, na suala la namna ya kuyateketeza mabua likabaki mezani. Wanachokipata kwa hakika ni ujuzi wao wenyewe wa kuisoma ardhi yao, bila kumsubiri mtu wa kuwaambia. Hilo si dogo.

Kwa risasi, kinachofaa zaidi kuliko kuivuta ni kuifunga. Risasi huyeyuka na kutembea zaidi kwenye udongo wenye tindikali. pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hupanda tindikali ikipungua, ikivuka 6.5 risasi inatulia. Hapo ndipo majivu ya jikoni, dawa ya bibi zetu, yanapopata maana yake: yanapunguza tindikali. Kiasi ni gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba, mara moja kwa msimu. Usimwage ndoo nzima, maana pH ikizidi mimea inakosa chuma na kugeuka njano. Na majivu yawe ya kuni tupu. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi au ya jalala la plastiki yanaweza kuwa na risasi kuliko udongo unaoutibu. Maeneo ya Dar yenye mawe ya matumbawe, udongo wake kwa kawaida tayari hauna tindikali. Hayo hayahitaji majivu.

Kitu cha pili ni fosfati, aina ya fosforasi iliyomo kwenye mifupa. Ikikutana na risasi hutengeneza madini magumu ambayo hata asidi ya tumbo huyayeyusha kwa shida. Mwaka 2011, katika mtaa wa South Prescott mjini Oakland, California, wakala wa mazingira wa Marekani ulianza kuchanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye udongo wenye risasi wa nyua za watu, kisha juu ukafunikwa kwa udongo safi na majani. Mtu wa Dar akilisikia hilo anafikiria soko la samaki la Feri mara moja, na ana haki. Ila mifupa mibichi itakuletea inzi na panya. Ichomwe iwe myeupe, isagwe. Usitumie fosfati mahali penye aseniki, sumu nyingine isiyooza, kwa mfano penye masalia ya dawa za zamani za kuogeshea mifugo au za kuhifadhia mbao, kwa sababu fosfati huifungua aseniki badala ya kuifunga. Na ukipeleka udongo maabara baada ya kazi yote hiyo, kipimo cha jumla kitakuletea namba ile ile. Risasi haijaondoka, imefungwa tu.

Kitu cha tatu ni kufunika, ndicho kinachomfaa mtu wa kawaida zaidi. Tuta la kuinuliwa la mita 1 kwa 3, kimo cha sentimita 30, linahitaji ndoo 45 za lita 20: ndoo 30 za udongo safi na 15 za mboji. Chini tandika viroba vilivyotobolewa, viwili viwili, maji yapite na mizizi ijue mpaka. Udongo ukishuka, ongeza. Njia kati ya matuta zifunikwe kokoto au nyasi, kwa sababu matone ya mvua hurusha udongo wa chini juu ya majani. Hapo ndipo wengi wanaharibu: tuta zuri, udongo safi, halafu linamwagiliwa maji ya mto ule ule. Wengine hununua udongo "mweusi wenye rutuba" kwa toroli bila kuuliza, kumbe umechimbwa bondeni.

Chagua na cha kupanda. Mboga za majani kama mchicha hukusanya metali kuliko mimea ya matunda. Bamia, nyanya ya kusimikwa, biringanya na pilipili hufikisha kidogo sana kwenye tunda. Viazi na karoti hugusana na udongo wenyewe, hivyo menya. Viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu risasi isizidi miligramu 0.3 kwa kilo ya mboga za majani. Kuosha mara mbili tatu kwa maji safi huondoa vumbi lililoganda juu ya jani, ambalo mara nyingi ndilo lenye risasi nyingi. Kilichoingia ndani ya jani hakitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha.

Mwili nao

Risasi huingia mwilini zaidi kwa mdomo: mikono ya mtoto, vumbi sakafuni, viatu na nguo za fundi betri anayerudi nyumbani jioni. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima kutoka chanzo kile kile. Ikishaingia hujificha kwenye mifupa miaka mingi, na kwa mama mjamzito hutoka humo na kumfikia mtoto.

Kwa hiyo kuna mazungumzo ambayo shangazi na mpwa wake mjamzito wanapaswa kuwa nayo bila kuoneana aibu: udongo wa kula, ule wa vijiti unaoitwa pemba. Hamu hiyo ni ya kweli na mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, tena mwili usio na chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi zaidi. Kumcheka hakusaidii. Apimwe damu kliniki, anywe vidonge vya madini chuma anavyopewa, ale dagaa wazima na mifupa yao, maharage, na maziwa akiyapata.

Dawa za kusafisha damu, shubiri, juisi za kijani, mbegu za mlonge: hakuna inayotoa risasi mifupani. Mlonge umesingiziwa kwa sababu mbegu zake kweli hutuliza tope kwenye ndoo ya maji. Ndoo si mshipa wa damu. Tiba ya kutoa risasi ipo, ni ya hospitali, kwa wenye kiwango kikubwa kilichopimwa, na hatua yake ya kwanza ni kutafuta chanzo na kumtenga mgonjwa nacho.

Ila afya si kuepuka sumu peke yake. Wamohawk, wenyeji wa asili wa Akwesasne, kwenye Mto St. Lawrence mpakani mwa Marekani na Kanada, walijifunza hilo kwa machungu. Viwanda vilimwaga mtoni PCB, kemikali zilizowahi kutumika sana kwenye mafuta ya transfoma. Miaka ya 1980 mkunga wao, Katsi Cook, aliongoza kina mama kudai maziwa yao ya kunyonyesha yapimwe. Ushauri ukatolewa: punguzeni samaki. Wakapunguza, na kemikali kwenye maziwa zikashuka. Lakini samaki walipoondoka mezani, waliondoka na mengi: vyakula vya dukani vikachukua nafasi yao, vijana wakaacha kwenda mtoni na wazee, maneno ya uvuvi yakaanza kupotea mdomoni. Ndiyo maana fidia iliyokubaliwa mwaka 2013 haikuishia kwenye kurudisha samaki na ardhi oevu. Sehemu yake ililipia wazee kufundisha vijana uvuvi, dawa za mitishamba na lugha yao.

Kabla ya jembe, pima

Wakulima wengi hupeleka udongo maabara, wanaambiwa "ni mzuri", wanarudi na furaha. Waliomba kipimo cha rutuba. Kipimo cha rutuba hakitafuti risasi. Maabara za udongo za Chuo Kikuu cha Sokoine, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga, na Mkemia Mkuu wa Serikali ni pa kuanzia kuulizia. Uliza bei na muda kwanza, kisha taja kwa jina: risasi, kadimiamu, kromiamu, na zebaki kama kulikuwa na uchenjuaji wa dhahabu.

Chukua udongo sehemu 15 za shamba kwa mstari wa kupinda-pinda, kina cha sentimita 0 hadi 20, kwa koleo lisilo na kutu. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini. Kwenye pembe iliyokuwa na gereji au iliyopokea tope la mafuriko, chukua sampuli yake peke yake. Ukiichanganya na zingine utaizimua na kujidanganya. Juu ya mfuko andika mahali, tarehe, kina, na jambo ambalo wengi hawaliandiki: kabla ya kuwa shamba, hapo palikuwa nini. Kama hujui, muulize mzee wa mtaa. Anakumbuka nani alikuwa akiyeyusha betri chini ya mwembe ule.